Kitanda Kirefu cha Miguu Minne

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa mbele, alivua ndala akajilaza kwenye kila kitanda cha kukunja kilichokuwa dukani. Chali, ubavu, kisha ubavu wa pili. Akisikia turubai limelegea, alilikaza. Wauzaji wa duka la jirani walimwona kupitia kioo wakambandika jina, Bibi Usingizi, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa, katika duka la bosi wake, aliuza vitanda na bembea za kulalia kwa watu waendao kupiga kambi mtoni, na alijiona ana jicho: ukiingia mlangoni tu, ameshajua utalalia nini.

Siku kaka yake alipoingia, alijua kabla hajasema. Kaka alikuwa mpiga kasia, akiwapeleka wageni mtoni siku nne, tano, wakilala kwenye kingo za mchanga. Sasa mgongo ulikuwa umeanza kumtia adabu.

"Mkuu wa msafara hakunificha," alisema. "Asubuhi moja tu akinikuta siwezi kuinuka, kasia anampa mwingine."

"Sasa ulikuwa unangoja nini kuja kwa dadako?"

Bembea aliziweka kando upesi, maana zinakunja mgongo kama ndizi. Vikabaki vitanda viwili. Kimoja kifupi, chenye vyuma vilivyolala chini toka upande huu hadi ule. Kingine kirefu, kipana, turubai nene, miguu minne myembamba. Kaka akakaa kwenye kile kifupi, akavigusa vyuma kwa kidole cha mguu.

"Hiki naona kitatulia mchangani."

"Hicho cha watoto, kaka. Utaamka magoti yako masikioni, tuanze kutafuta winchi ya kukuinua." Akakipigapiga kile kirefu. "Panda hapa."

Kaka akapanda, akafumba macho. Sakafu ya duka ilikuwa ya vigae, imenyooka kama meza, na kitanda hakikulia hata kidogo.

"Raha," alikiri. "Ila hii miguu, dada. Haitazama?"

"Wewe kazi yako kasia. Usingizi niachie mimi."

Kaka akacheka, akakibeba begani, akaenda zake.

Aliporudi kutoka mtoni alikuwa ameinama, mkono ukutani. Usiku wa kwanza mguu mmoja wa kitanda ulizama. Akauwekea jiwe, na jiwe nalo likazama. Usiku wa pili alilala kichwa chini, miguu juu. Asubuhi ya tatu wenzake wawili walimnyanyua kama gunia, mkuu wa msafara akitazama. Kasia likapata mtu mwingine.

"Kitanda ni kizuri," kaka alisema. "Mchanga tu ndio haukukipenda."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Angemtukana, ingekuwa afadhali. Mtu aliyezoea maji tangu ujana, sasa anashinda uani anafukuza kuku. Dada akimpelekea chai, kaka anashukuru, anauliza habari za dukani. Dada aliulizwa swali la neno moja, "Haitazama?", akalijibu kwa mzaha. Alilirudia kichwani akipanga bidhaa, akifagia, akila.

Wiki iliyofuata waliingia mume na mke. Mke akajitupa kwenye kitanda kirefu, akacheka kwa raha.

"Dada, hiki si kitatufaa mtoni?"

"Mwambie!" bosi akadakia kutoka mezani kwake. "Huyo ndiye bingwa wetu, mama. Hakuna asilolijua."

Bibi Usingizi akaitazama ile miguu minne juu ya vigae.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kulala mtoni hata siku moja."

Bosi akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mume na mke wanatazamana, akaacha.

"We dada, unanifukuzia wateja?"

"Chukueni hicho kifupi," aliwaambia wale wawili. "Yuko mtu aliniambia, sikumsikiliza."

Akavaa ndala zake, akaufungua mlango, akatoka. Bosi alidhani kaenda kupunga upepo. Jioni alifunga duka mwenyewe, na asubuhi yake alifungua mwenyewe, na ya pili yake pia; Bibi Usingizi hakurudi.