Eto Mbili za Tandere Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Atelie, mukubwa wa karakana yetu, hakunipa musumeno wala patasi. Alinipa randa moja na ubao murefu wa mulombwa, akaniambia niulainishe ubavu. Nikaangalia huku na huku. Etabli, ile meza nzito ya seremala, ilikuwa mbele yangu, lakini haikuwa na kitu cha kushika ubao. Nikauegemeza ukutani, ukateleza. Nikaubana kwa magoti kama baba yangu alivyobana mbao za mutumbwi kule Zongwe. Ubao ukaruka, randa ikanichuna goti. Shefu hakucheka.

"Seremala ana mikono tatu," akasema. "Ya tatu, sisi hapa tumeipoteza. Karibu kazini, mwanangu."

Mukono huo wa tatu njo eto. Ndugu zetu wa Kigoma wanaiita jiliwa. Ni taya mbili zinazobana mbao, na visi kubwa, yaani skrubu, ya kuzikaza. Bila eto, seremala ni muntu anayepigana na mbao, na mbao haichoki.

Ilikuwa mwaka wa 1961, hapa Kalemie, wakati mji ungali unaitwa Albertville. Atelie yetu ilikuwa ya reli, karibu na bandari, na sisi wa mbao tulitengeneza milango, madirisha na viti vya mabehewa. Eto zetu zilikwenda na fujo za mwaka uliotangulia. Nani alizichukua, Mungu anajua. Vitu vya Ulaya navyo vilikuwa haviji tena.

Basi Enjenia, mukubwa wa mabehewa yote, akaja asubuhi moja na maneno mafupi. Behewa la abiria linalokwenda upande wa Niemba lilikuwa halina milango. Wamama walisafiri wamewashika watoto kwa nguo wasianguke njiani. Akataka milango mipya kabla ya mvua. Tukishindwa, alisema, sehemu ya mbao itafungwa, na sisi tutapewa sepeto tukajaze mawe chini ya reli.

Mimi nilikuwa nimeoa juzi tu. Baba mukwe wangu, muntu wa Moba, muntu wa misa ya kila asubuhi, alinipa binti yake Feza kwa sababu moja: niliandikwa seremala. Alilisema jina hilo mbele ya watu wote wa ukoo, na kifua mbele. Sasa niende kumwambia kwamba muntu wake anabeba mawe? Nilikosa usingizi, nasema kweli.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mafundi wa chuma, na mukubwa wao, Shefu wa Chuma, alikuwa na mudomo. Akatuletea eto yake moja ya zamani, nzito, watu wawili kuibeba. Tukaifunga kwenye etabli, tukabana ubao, tukakaza. Tulipoutoa ulikuwa na alama za meno pande zote mbili, maana taya za eto ya chuma zimechongwa meno ili chuma kisiteleze. Shefu wetu akapitisha kidole kwenye zile alama, akaifungua eto, akairudisha kwa mwenyewe na asante.

Shefu wa Chuma akasema kwa sauti, ili atelie nzima isikie: "Muchagua jembe si mukulima."

Methali hiyo ilinichoma. Hata leo nikiisikia nakasirika. Ni methali ya wavivu wanaosingizia jembe, na sisi hatukuwa wavivu. Shefu wetu akatukusanya, akatufundisha namna ya kuchagua eto, na maneno yake nawaachia nyinyi vijana kama alivyotuachia. Usiichague kwa uzito wake, alisema, ichague kwa adabu yake mbele ya mbao. Taya ziwe za mbao, zivikwe ngozi ya ng'ombe. Ziwe ndefu kwenda chini, zishike mulango uliosimama kwa ubavu. Urefu wake toka chini ulingane na kiwiko chako. Na visi iwe ya meno mapana, ikaze upesi, maana kazi ni nyingi na siku ni fupi.

Taya tulizichonga wenyewe. Visi ndiyo ilikosekana, mpaka Shefu alipotutembeza nyuma ya depo, kwenye vyuma vilivyotupwa, akagusa kitu kwa kiatu chake. Ilikuwa tandere.

Tandere ni ile visi nene inayounganisha behewa na behewa. Katikati yake kuna chuma cha kuzungushia, chenye kichwa kizito kama ngumi, na kila ncha ina ekru yake, yaani nati. Ukizungusha, mabehewa mawili yanavutana. Tukaikata mara mbili, tukatoa kile chuma cha katikati, tukachukua nusu moja. Siku nzima tukaifunga kwenye taya zetu. Jioni Shefu akaniita mimi niikaze, kwa heshima ya goti langu. Wa chuma nao walikuja kuangalia.

Nikazungusha kuume, kama visi zote za dunia. Taya zikafunguka. Nikazungusha tena, zikafunguka zaidi.

Kumbe! Sisi watu wa reli, tunaopita juu ya tandere kila siku ya Mungu, tulisahau kwamba meno yake yanapingana: nusu moja inakwenda kuume, nusu nyingine kushoto. Ndiyo maana inavuta pande zote mbili. Nasi tulichukua ile ya kushoto. Shefu wa Chuma alicheka mpaka akajipangusa machozi, akasema tumetengeneza eto ya kuaga wageni. Nikarudi nyumbani na haya tupu.

Feza alikuwa uani anafua. Nikakaa kwenye kizingiti nikimwangalia akikamua kitenge: mukono mumoja unakwenda huku, mwingine kule, na maji yanachuruzika. Nikamwambia arudie. Akadhani nimechanganyikiwa, lakini akarudia. Nikacheka peke yangu kama mulevi, nikamwambia kesho baba yake ataendelea kuwa na seremala.

Asubuhi nikamweleza Shefu. Tusiitupe ile nusu ya kushoto. Tuifunge upande wa kuume wa etabli, na ile nyingine upande wa kushoto, nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa kati yake, ili mukono mumoja uzungushe huku na mwingine kule, kama wa mwenye kukamua nguo. Akafumba macho, akazungusha mikono hewani, akafumbua macho, akatuagiza tuanze.

Tulipomaliza nilisimama katikati, ubao wa mulango mbele yangu kutoka eto hadi eto. Nikashika mipini yote miwili ya kuzungushia visi, kuume na kushoto, nikaishusha pamoja kwa uzito wa mwili wangu. Zote mbili zikakaza. Ubao haukutikisika, na tulipoutoa haukuwa na alama hata moja. Tangu hapo tulipiga randa tukiimba, na milango ikatoka mumoja baada ya mwingine, mawingu ya mvua yakiwa bado ng'ambo ya ziwa.

Enjenia alikuja kukagua. Akausukuma mulango wa kwanza kwa kidole kimoja, ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena, kama mutoto aliyepata kitu cha kuchezea. Kisha akaomba kuona etabli, akashika mipini, akaishusha, akageuka.

"Eto hizi nani aliwachagulia?"

Shefu wetu alimwangalia Shefu wa Chuma kwanza. Halafu akajibu pole pole:

"Sisi hatukuchagua jembe, Enjenia. Tulilifua."

Shefu wa Chuma, nimpe haki yake, alivua kofia. Wiki ileile akaja kuniomba mulango wa nyumba yake.

Behewa likaenda Niemba na milango yake, na sehemu ya mbao haikufungwa. Baadaye nilitumwa kwenye stesheni nyingi, nikafanya kazi chini ya mashefu wengi, wengine wazuri, wengine wa kelele tu, na mwisho mimi mwenyewe nikaitwa Shefu wa Atelie. Baba mukwe alikufa akinitambulisha kwa wageni: mukwe wangu, seremala.

Nilipostaafu waliniambia nichague ukumbusho, hata eto moja nikitaka. Nikakataa. Moja peke yake ingefanya nini? Nikaomba kile chuma cha katikati ya tandere, tulichokikata siku ile na ambacho hakuna aliyekitaka. Kiko hapa kizingitini sasa ninapowasimulia. Upepo wa ziwa ukisukuma mulango wangu, chenyewe njo kinaushika, ubaki wazi kwa wageni.