Kilichokuwamo Tumboni mwa Fidla

Mwanangu, naikumbuka siku ile kwa sababu ndiyo siku niliyofukuzwa kazi, na sijajuta hata chembe.

Enzi za Ujamaa nilikuwa seremala kwenye karakana moja ya ushirika, mtaa wa Gerezani. Nimetoka kufunzwa kutengeneza vyombo vya muziki, najiona bingwa. Akaja Mzee Shomari, mpiga fidla wa taarab pale Kariakoo, na fidla yake kuukuu yenye ufa usoni. Hakuwa na nyingine, na miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kuviziwa, sembuse fidla.

Nikaifungua. Lahaula! Chini ya uso wa fidla, kwa ndani, hukaa kijiti kirefu cha kuupa nguvu. Nilifunzwa kwamba huchongwa peke yake, kisha hubandikwa kwa gundi. Hiki hakikubandikwa. Aliyeiunda alichonga uso akakiacha kijiti kimesimama humo humo, ubao mmoja. Na mbavu zake, zile mbao nyembamba za ubavuni, zilichomekwa tu kwenye mfereji uliochimbwa mgongoni. Nikacheka. Nikamwita fundi mkuu, naye akacheka.

"Kazi ya mtu asiyejua hiyo. Kikate, uweke kingine kama fidla za watu." Akaenda zake.

Nikashika patasi, nikakata ncha ya kijiti. Ndilo kosa langu, na silifichi.

Mzee Shomari, aliyekuwa akingoja pembeni, akanidaka mkono. "Fidla za watu? Kwani aliyeunda hii alikuwa mbuzi? Miaka thelathini naipiga. Wewe kijana, umeugonga huo ubao ukausikiliza kabla ya kuukata?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe si fundi. Wewe mkata kuni."

Niliona haya, nikatamani ardhi ipasuke. Nikaugonga ule uso kwa kidole, nikausogeza sikioni. Ukatoa mlio mrefu, safi, kushinda uso wowote niliowahi kuutengeneza mimi na kisomo changu.

Fundi mkuu akarudi. "Bado tu?"

"Sikati."

"Hiyo ni amri."

"Nimesikia. Sikati."

Akaniambia nikusanye vyangu. Nikakusanya. Ufa niliuziba barazani kwa Mzee Shomari, na ile ncha nikairudishia kwa gundi. Jumamosi akaipiga harusini Mchikichini, nami nimesimama katikati ya watu, sina kazi, nalia kwa furaha.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikuta kitu kimeundwa tofauti na ulivyofunzwa, usikimbilie patasi. Kiulize kwanza kinafanya kazi gani. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ukishaujua ukweli wake, anayekuamuru ukiharibu mkatalie, awe nani awe nani. Watakuita mkaidi. Waache waite, akutukanaye hakuchagulii tusi. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Na ukikosea, sema nimekosea, kisha urudishie ulichokata kwa mkono wako mwenyewe.

Mungu akujalie sikio la kusikia, na shingo ngumu siku itakapohitajika.