Mwembe wa Bi Hafsa

Riziki ya Majidi wa mtaa wa Cheyo, Tabora, inatoka kwenye msumeno, lakini hakuna kinachomkera kama kuangusha mti mzima. Akiitwa na mteja, kwanza huugonga mti kwa mgongo wa shoka, akausikiliza, ndipo atoe ushauri.

"Mwembe wako hauna ugonjwa, Bi Hafsa," alisema siku ile. "Tupunguze tu hili tawi linaloegemea bati."

"Angusha wote! Nimechoka kufagia majani."

Majidi akapanda, kamba kiunoni, akinung'unika. Kule juu akakuta nyuki ndani ya tundu la shina. Hakuwachoma; kwa watu wa Tabora, kuua nyuki ni kumwaga asali. Aliwafukiza moshi taratibu, akakata kipande cha sega, akakishusha kwa ndoo.

Bi Hafsa akaonja. Akalamba vidole, akaingia ndani, akatoka na bakuli kubwa.

Majidi alilikata lile tawi lililoegemea bati, kisha akauliza, huku akijizuia kucheka, "Haya, mama, sasa niuangushie upande gani?"

"Uangushe nini?" Bi Hafsa alifoka, mdomo umejaa asali. "Hebu shuka! Nani kakutuma ukate mti wangu?"