Kichupa cha Ketsia kilichogandishwa kwa wema

Saa moja asubuhi, Mama Francine anafungua friji ya dawa katika hospitali moja ya Kalemie. Anasoma kipimajoto, anaandika digrii tano. Ukutani amebandika agizo lake mwenyewe: kati ya mbili na nane. Rafu ya juu ina kichupa kimoja, kimezungushiwa utepe mwekundu. Hakitumiki, na amekataa kukitupa.

"Nikikiangalia hasira inarudi," anasema bila kupandisha sauti. "Ninataka irudi."

Francine ana miaka hamsini na miwili. Kumi na tisa ameimaliza akitunza dawa hapa. Kichupa kilikuwa cha Ketsia, mtoto wa miaka minane mwenye saratani ya damu. Ndani mna kimeng'enya, aina ya protini, kinachomaliza damuni kirutubisho ambacho seli za saratani hukitegemea. Kiwandani kimeng'enya hicho huvishwa nyuzi za kemikali ili mwili usikiondoe upesi. Sindano moja hufanya kazi wiki kadhaa badala ya siku chache.

Kichupa kilikuja kwa boti kutoka Uvira. Papa Omer, mwenye boti, aliambiwa tu kwamba ni dawa ya mtoto na inataka baridi. Aliondoa samaki wake kwenye sanduku la barafu, akakizika kichupa katikati. Samaki wakaoza. Hakumdai mtu.

Sanduku lilipofunguliwa, dawa ilikuwa imeganda kama jiwe. Kufikia saa nne ilikuwa imeyeyuka, safi kama maji ya kunywa. Mkuu wa ghala akaagiza ipelekwe wodini. Haina doa, alisema, na boksi lenyewe linaeleza kwamba protini hii imeimarishwa.

Francine, binti wa mvuvi, akamkumbusha mkuu huyo nyavu za pamba ambazo wazee walizichemsha na magome ya miti ili zisioze.

"Magome njo yalifanya wavu udumu, Papa. Lakini ukijisokota, magome hayaukunjui. Utabaki na rangi yake nzuri, na hata ndagala mumoja, kasamaki kadogo, hautashika."

Ndivyo ilivyo kwa protini. Hufanya kazi ikiwa imejikunja kwa umbo lake tu. Zile nyuzi huikinga damuni. Umbo likiharibiwa na barafu, haziwezi kuahidi kulirudisha. Na jicho halioni tofauti.

Mkuu akacheka, akasema Mama anasumbua kama mama mkwe. Francine akafunga friji, akabaki na ufunguo.

"Mungemuchoma mutoto maji," alimwambia, "kisha mungeandika dawa imemushinda."

Karatasi ya maelekezo, yenye onyo la kutogandisha, ilipatikana siku ya pili kwenye droo ya mkuu huyo huyo. Alitakiwa kumfikishia Omer kabla ya safari, hakufanya hivyo.

Omer alikuja mwenyewe kuomba msamaha, kofia mkononi. Francine akamtafutia kiti, akamkorogea chai. "Wewe ulitoa barafu yako," alimwambia. "Wao hawakutoa hata karatasi."

Mkuu hajaomba msamaha. Ketsia amekwisha kungoja siku kumi na moja.

Kichupa kipya kinatarajiwa Alhamisi, kwa boti ile ile. Francine ameshona mfuko wa blanketi kuukuu, wenye ukuta mnene kati ya barafu na dawa, na Omer ameondoka nao. Francine atamngojea bandarini na kipimajoto.

"Ketsia akichomwa iliyo nzima," anasema, akigusa utepe mwekundu, "njo nitakitupa hiki. Mbele ya mukubwa."