Kitambaa cha Mdomo na Mkwe wa Butiama

Aibu hii ni yangu, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu huko Nyasura mmeshaiongezea mpaka ng'ombe ambaye hakuwepo.

Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya, nami nimetoka chuo kikuu nikapangiwa kiwanda cha maziwa Musoma, ambako hakuna aliyeingia chumba cha mapipa bila kofia nyeupe na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na mimi (mnanijua, hata mvua naiuliza inatoka wapi) kila asubuhi nilitaka kujua nani kathibitisha kwamba pumzi yangu inaharibu maziwa.

"Ndugu msomi," msimamizi alinijibu, "vaa kwanza, utauliza ukiwa nje."

Siku hiyo walikuja akina mama wa kijiji cha ujamaa upande wa Butiama, kuona maziwa yao yanaendaga wapi. Kanga zikabaki mlangoni, wakavikwa kofia na vitambaa, wote wakawa macho tu. Mimi ndiye nawaelezea, mashine zinanguruma, hawanisikii, basi nikaamua jambo dogo: nikashusha kitambaa kidevuni, nikamshika mkono mama mmoja mfupi aliyebaki nyuma, nikapaza sauti, "Mama, sogea uchungulie, maziwa hayang'ati!" Akachungulia, akacheka, akainua macho, akaniona uso.

"Yowe! Mkwe! Mkwe kanishika!"

Alikuwa mama yake Wegesa, binti niliyempelekea posa na jibu nalisubiri; mama mkwe ambaye kwa mila yetu nilipaswa hata njiani nimpishe mbali. Akatafuta kanga ajifunike, hakuna, akavuta kofia mpaka machoni, akarudi kinyumenyume, akakaa chubwi ndani ya ndoo ya krimu, na mimi (elimu hii!) badala ya kukimbia nikaenda kumwinua.

"Mwache!" wenzake wakapiga kelele. "We kijana, unamshika tena?"

Nikamwinua hivyo hivyo, huku nikizomewa. Krimu ikamwagwa.

Jioni Wegesa akanifuata getini, kanuna.

"Mama anataka mbuzi wa kusafisha ule mkono."

"Na posa?" Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga.

"Kakubali. Eti anayemwinua mtu huku anazomewa, hatamwacha mtoto wake chini." Ndipo akacheka. "Ila siku ya kuja, uje na kile kitambaa chako usoni."

Nilikwenda Butiama nimekivaa, na kofia juu. Maswali ninayo bado, ila nimeapa: nitayauliza nikiwa nimejifunga mdomo.