Mursik ya Mama Ilisifiwa, Sasa Yuko kwa Oksijeni

Admin, jina langu lisionekane, ndugu zangu wako humu. Nina miaka arobaini na nne, naishi karibu na Merigi. Mama yangu ana sabini na tatu, na tangu aolewe amepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Mwaka jana kikohozi kilimshika hadi daktari akasema mapafu yamechoka na moshi, asikaribie tena moto wa kuni. Nikamhamishia kwangu, napikia gesi. Ndugu zangu wakanicheka eti namfanya mzungu. Lakini baada ya miezi michache alikuwa anapanda kilima cha kanisa bila kusimama.

Kisha binti yangu akachumbiwa. Kwetu Wakipsigis, wageni wa uchumba hawaondoki bila mursik, maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya moto. Ningeweza kununua sokoni. Kiburi kikanikataza, nilitaka wakwe waonje ya mama.

"Mama, ni siku mbili tu," nikamwambia.

"Sawa. Washa moto."

Moto niliuwasha mimi, kwenye jiko lake la zamani. Aliinamia vibuyu sita, mlango tumeufunga kwa sababu ya mvua. Alikohoa, nami nikamsogezea kibuyu kingine. Wakwe walisifu mpaka wakaomba ya kubeba, nami nikatembea kifua mbele.

Siku chache baadaye mama alishindwa kumaliza sentensi. Sasa yuko wodini Kericho, kwa oksijeni. Daktari alipouliza kama alirudi kwa moshi, mama akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa ananifichia, nami nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Juzi kaka yangu mkubwa akatangaza mbele ya wote, "Ni hii gas yako imemharibu. Akitoka hapa anarudi kwake, kwa moto alizoea." Wote wakakubali. Hawajui kwamba mama alirudi kwenye jiko lile, wanaona tu amezidiwa akiwa kwangu kwenye gesi. Kumpinga ni lazima niseme ukweli, na nikiusema hawatanisamehe. Binti yangu naye atajua sherehe yake ilimfanya nini nyanya yake.

Jana nilimnong'onezea mama kwamba nitasema. Akasogeza mask. "Nyamaza, mtoto wangu. Mimi nikienda, utabaki na hao tu."

Akipata nafuu, anatoka Ijumaa. Kaka ameshapeleka kuni kwake.

Matusi yenu nitayapokea, nimeyastahili. Lakini nishaurini kabla ya Ijumaa: nimtii mama ninyamaze, au niseme nipoteze ndugu zangu wote?