Tavita, Aliyenifundisha Kuikaba Nafasi Yake

Nakumbuka siku moja, majani yameanza kupukutika hapa hapa Husby, mtaa wetu wa Stockholm, lifti ya jengo letu iliharibika nami nikapanda ngazi na friji mgongoni, nimeifunga kwa mkanda. Weka simu chini kidogo, mwanangu Bosco. Chai bado ya moto, na habari hii sijawahi kukusimulia yote.

Nilikuwa kijana wa ishirini na ushei, nafanya kazi ya kuhamisha samani za watu. Mwili wangu ulikuwa unanitia aibu. Viatu vya kunitosha havipatikani, na kwenye treni watu wanasogea wakiniona nakuja kukaa. Siku hiyo fundi bomba mmoja Mwingereza, jina lake Colin, alikuwa anatengeneza mabomba ghorofa ya tatu. Aliniona napita na friji, akaacha kazi yake, akanifuata hadi juu. Akaniuliza kwa Kiswidi kibovu kuliko changu kama nimewahi kucheza raga.

Sikuwahi hata kuiona. Lakini Colin alikuwa na timu yake ndogo, raga ile ya watu kumi na watatu. Mara nyingi hata hao kumi na watatu hawatimii. Walikuwa mafundi umeme, mwanafunzi mmoja, na mhandisi wa mtaa wa jirani wa Kista aliyekuwa anakuja na miwani yake kwenye kikasha. Tulifanya mazoezi kwenye nyasi bandia, theluji imesukumwa pembeni. Colin akaniweka mbele, pamoja na wale ambao kazi yao ni kuubeba mpira na kuingia nao moja kwa moja kwenye ukuta wa wapinzani, halafu kugeuka na kuwaangusha wapinzani nao wakija. Wewe unacheza hapo hapo, unaijua kazi hiyo. Anayefunga ni mwingine, anayepigiwa makofi ni mwingine, wewe unainuka na tope mdomoni. Nami, mwanangu, nilifurahi mno! Kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii, ukubwa wangu ulikuwa na mahali pake.

Baada ya misimu miwili Colin alimpigia rafiki yake wa zamani huko kaskazini mwa Uingereza, na klabu moja ya kulipwa ikakubali kunijaribu. Bibi yako hakutaka kusikia.

"Tulikimbia vita Bujumbura," aliniambia, mikono imejaa sabuni ya vyombo, "ili wewe ukagongwe kwa hiari yako?"

Nilimbembeleza majuma mengi. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja, nimpigie simu kila Jumapili akitoka kanisani.

Basi nikaenda. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wa viwanda vilivyofungwa, mvua asubuhi na mvua jioni. Pale klabuni alikuwepo mchezaji mmoja Msamoa anaitwa Tavita. Alikuwa ameishika nafasi yangu kwa miaka mingi, au niseme mimi ndiye niliyekuja kuitaka nafasi yake. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Alikuwa anashuka ngazi kwa upande, ameshika ukuta. Kila mtu alijua kwamba nimeletwa nimrithi, na yeye alijua kuliko wote. Majuma ya kwanza hakuniamkia. Nilikuwa nikiingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anafunga kamba za viatu vyake kana kwamba hakuna mtu aliyeingia. Sikumlaumu.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi mwenyewe sikulijua. Nikimkaba mtu ili nimwangushe, nilikuwa naweka kichwa mbele ya mwili wake, upande anaokwenda. Kwa Colin hapa Stockholm halikuleta shida, kwa sababu wale wahandisi hawakuwa wazito. Kule, siku moja mazoezini, jitu moja lilinijia kwa kasi, nikalivaa, goti lake likanipiga nyuma ya sikio. Nilipoinuka uwanja ulikuwa unazunguka. Wenzangu walicheka, ndiyo desturi yao. Daktari akaja, akanitoa nikapumzike. Nilipokuwa nimekaa benchi nilimwona Tavita ananitazama, naye hakuwa anacheka.

Zilipita siku kadhaa, daktari akaniruhusu kurudi. Asubuhi hiyo nilimkuta Tavita peke yake uwanjani, mvua inamnyeshea.

"Wewe," akasema. "Njoo hapa. Nikabe."

Nilidhani anataka tupigane. Nikamwendea taratibu, nikamkamata kama nilivyozoea. Akanishika shingo kwa kiganja kimoja, akakisukuma kichwa changu nyuma ya mwili wake.

"Huku. Shavu lako liguse makalio yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ukikiweka mbele, siku moja utavunjika shingo. Nimemwona mtu akivunjika. Tena!"

Tulirudia hadi mikono ikaniisha nguvu. Kesho yake tena, na keshokutwa. Alinipa mwili wake mwenyewe niuangushe, pamoja na magoti yale, akainuka kila mara akiguna kama mzee. Alinifundisha kuanguka kifudifudi ili niinuke upesi. Alinifundisha kupumua mapema, kabla pumzi haijakatika. Hakunifundisha kama mtu anayegawa sadaka. Alinikaripia, na nikikosea alinitukana kwa Kisamoa.

Msimu uliofuata ulipokaribia kuanza, kocha aliniita ofisini akanipa mkataba na jezi. Nilitoka nikiwa nataka kuruka. Mlangoni nikakutana na Tavita anaingia. Alipotoka, nafasi yake ilikuwa imekwisha, wakambakiza awe mbeba maji hadi mkataba umalizike. Alinipa mkono, akaenda kwenye gari lake. Alikaa ndani muda mrefu bila kuliwasha. Nilimwona kupitia dirishani, nikatamani kwenda, lakini sikwenda.

Mechi yangu ya kwanza, yeye ndiye aliyeniletea maji. Mara ya kwanza kuubeba mpira walinivaa watatu kwa pamoja, hewa yote ikanitoka, nikafikiria kwa kweli kurudi kwenye friji zangu. Kisha kipindi cha pili kikaja, na mchezaji wao mmoja mkubwa kama mlango akachukua mpira akanijia mimi, mimi tu. Sikupata nafasi ya kufikiri. Kichwa kilikwenda nyuma chenyewe. Nikalisikia goti lake likipita hewani pale ambapo sikio langu lingekuwa, kisha sote tukaanguka, yeye chini mimi juu. Nilipoinua macho Tavita alikuwa ameshika chupa za maji kifuani kwa mikono miwili, analia. Mtu mzima, mbele ya uwanja mzima.

Jumapili hiyo nilimsimulia mama kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mlete huyo mtu nyumbani kwangu."

Akaja, kiangazi, na mkewe Sina. Aliinama kuingia mlango huu huu hapa. Bibi yako alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, na maharage, ndagala zenyewe kazifuata hadi Fittja, upande wa pili wa jiji, kwa rafiki yake. Walikula bila kuelewana neno, mimi katikati natafsiri, na mama yako, dada yangu mdogo, aliyekuwa bado msichana wa shule, ananisahihisha Kiingereza changu. Waliposhiba, mama akaweka mikono mezani.

"Baba, muulize. Kwa nini alikufundisha, na alijua utamtoa kazini?"

Niliona haya kuuliza. Akanitazama kwa jicho lile, nikauliza.

Tavita alisogeza sahani yake. Kisha akasema, "Mwambie mama yako mwanzoni sikutaka. Nilipokuona unakosea, nilifurahi. Nilisema, huyu hatafika mbali, mimi nitabaki. Nikaenda nyumbani na furaha hiyo, nikashindwa kula. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia. Akasema, yule kijana ana mama mahali fulani. Ndiyo hivyo tu. Siku uliporudi nikakungoja uwanjani."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama hakusema asante. Aliinuka, akamfunika Sina mabegani kwa kitenge chake kipya, kile alichokuwa anakiweka kwa ajili ya Pasaka. Kisha akamshika Tavita mkono, akanigeukia.

"Huyu ni kaka yangu. Kuanzia leo umwite mjomba."

Namwita mjomba hadi leo. Baadaye alifundisha watoto raga katika mji ule, na magoti yamemshinda kabisa sasa, anatembelea fimbo. Mimi nilicheza misimu yangu, na siku ilipofika akaletwa kijana wa kunirithi. Iliniuma, mwanangu. Nisikudanganye kwamba haikuniuma.

Sasa ujue kwa nini nimekuita. Jumamosi nilikuja kuwatazama mkifanya mazoezi. Yule kijana mpya wa Fittja, Abdi, alikufuata akakuuliza anapowekwa mbele asimame vipi, nawe ukachukua chupa yako ukampa mgongo. Kwenye treni nilipokuuliza, ulinijibu kwa Kiswidi: ajifunze mwenyewe, pale ni mahali pangu. Nikanyamaza hadi Husby, kwa sababu treni ilijaa watu na sikutaka kukuaibisha.

Ninachokuomba ni hiki. Nafasi ile utaiacha tu, upende usipende, kwa goti au kwa umri, au kwa kocha kuamka siku moja na mawazo mapya. Huna uwezo juu ya hilo. Lakini Abdi akija mbele yako na kitu ambacho wewe unakijua na yeye hakijui, na kutokijua kunaweza kumwumiza, hapo uwezo unao wote. Usimwache. Mfundishe hata kama umekasirika. Tavita alinifundisha amekasirika. Na akikushinda, mpe mkono kabla hujaenda kulia kwenye gari. Kulia unaruhusiwa.

Mungu akupe mwili mzima na usingizi mwema. Akujalie watu wa kukuambia ukweli ukiwa ugenini, na akufanye wewe kuwa mmoja wao. Aibariki kazi ya mikono yako, na amtazame mama wa Abdi, ambaye mimi na wewe hatumjui. Haya, mwanangu. Kunywa chai yako, halafu mpigie yule kijana.